Bustani ya Mboga Mwishoni mwa Majira ya Joto: Mavuno, Hifadhi na Tahadhari za Afya

Mwezi wa Agosti unapofika katikati, bustani za mboga za Birmingham huwa zimejaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mahindi yamebeba, maboga yametambaa hadi kwenye uzio wa jirani, na maharage yaliyopanda kwenye fito hayana budi kuchumwa kila baada ya siku mbili. Ndio wakati huohuo ambapo familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo hukutana na matatizo ambayo hayakuwako kwao: mahindi yanayoota ukungu kabla ya kukauka, viazi vinavyogeuka kijani, mmea unaofanana na mnavu ilhali si mnavu. Ujuzi wa kilimo ambao familia hizi zilikuja nao ni mali kubwa, na hakuna anayezitaka ziuache. Lakini ujuzi huo ulikua chini ya jua jingine na katika ardhi nyingine, na baadhi ya mambo yanayofanyika kwa salama Kigoma, Uvira au Lamu huweza kumdhuru mtu hapa. Mwongozo huu unaeleza kazi za majuma ya mwisho ya majira ya joto, na unakaa zaidi kwenye zile ambazo kosa lake humfikisha mtu hospitalini.

Siku zinazofupika

Karibu na mstari wa Ikweta mchana na usiku hulingana kwa mwaka mzima, kwa hiyo mkulima huitazama mvua. Birmingham kinachotazamwa ni mwanga na baridi. Mwishoni mwa Juni mchana una zaidi ya saa 16. Ifikapo wiki ya tatu ya Septemba umebaki na saa 12. Kuanzia mwisho wa Agosti mchana hupungua kwa karibu dakika 4 kila siku, yaani takriban nusu saa kwa wiki. Kisha huja jalidi, ule umande unaoganda usiku na kuyaunguza majani. Kwa kawaida huonekana mwezi wa Oktoba, na mara nyingine hutangulia mwishoni mwa Septemba. Usiku mmoja wa jalidi huweza kuua mchicha, maharage, nyanya na maboga kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, ua la nyanya linalochanua katikati ya Agosti halitazaa tunda litakaloiva nje. Yafaa kukata ncha ya mche ili nguvu zote ziende kwenye matunda yaliyokwisha kutunga. Nyanya zitakazobaki mbichi huchumwa kabla ya baridi na kuvumbikwa ndani ya nyumba, kwenye boksi la karatasi ngumu pamoja na ndizi moja iliyoiva. Hewa inayotoka kwenye ndizi ndiyo inayoivisha, na aliyewahi kuvumbika ndizi shimoni hana haja ya kufundishwa jambo hili. Mahindi huwa tayari nywele zake zinapokauka na punje, ikifinywa kwa ukucha, ikitoa maji meupe kama maziwa. Boga hukatwa pamoja na kikonyo chake, likaanikwa siku kumi hivi mahali penye jua au joto, na baada ya hapo laweza kukaa hadi katikati ya baridi.

Sukuma wiki haiogopi jalidi. Ladha yake huongezeka utamu baada ya baridi kuipiga. Miche iliyohamishwa ifikapo mwanzo wa Agosti humlisha mwenyewe hadi majira ya kuchipua, mradi ifunikwe wavu, kwani njiwa wa mji huu hawana huruma nayo. Spinachi na kotimiri huweza kupandwa kwa mbegu mwezi huo wa Agosti. Vitunguu saumu husubiri Oktoba.

Asiye na uwanja nyuma ya nyumba huweza kuomba kishamba cha kukodi, kinachojulikana hapa kama alotimenti. Birmingham ina desturi ya zamani katika jambo hili. Tangu karne ya 18 mji ulizungukwa na vibustani vilivyokodishwa kwa wenyeji wake, vikiitwa Guinea Gardens kwa sababu ya kodi ya gini moja kwa mwaka, na baadhi yake vimesalia hadi leo eneo la Edgbaston.

Ardhi ya mji wa viwanda

Birmingham ilijengwa kwa viwanda. Kwa zaidi ya karne mbili watu wake walifua shaba, wakaunda bunduki, wakatengeneza vito na vifungo, na majivu ya makaa ya mawe yakamwagwa nyuma ya nyumba. Rangi za zamani za milango na madirisha zilikuwa na madini ya risasi, na petroli iliyotiwa risasi iliendelea kuuzwa nchini Uingereza hadi mwisho wa mwaka 1999. Risasi haiozi wala haitoweki. Iliyoanguka ardhini ingali ardhini.

Hii haina maana kwamba kila bustani ni chafu, wala si sababu ya kuacha kulima. Mboga nyingi huvuta risasi kidogo tu katika majani na matunda yake. Hatari kubwa zaidi ni udongo wenyewe unapoingia kinywani: kwenye kucha, kwenye karoti isiyooshwa vizuri, kwenye vumbi linaloingizwa ndani na viatu. Agosti hukutanisha mambo matatu kwa wakati mmoja, udongo mkavu wenye vumbi, kuchimbwa kwa viazi na mizizi, na watoto walio likizoni wakicheza papo hapo. Watoto wadogo na mimba ndio wanaodhurika zaidi, kwani risasi huathiri ubongo unaokua. Basi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, viatu vya bustani vibaki mlangoni, na mboga za mizizi zioshwe kisha zimenywe. Haifai kupanda mboga kwenye ukanda ulioegemea ukuta wa nyumba ya zamani yenye rangi inayobambuka. Penye shaka, tuta lililoinuliwa ndani ya fremu ya mbao na kujazwa udongo wa kununua huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa upole. Wajawazito wengi wa pwani, wa bara na wa Kongo hutamani udongo, na wapo wanaouita pemba na wanaouita mabele. Udongo wa bustani ya Birmingham usiliwe hata kidogo. Hata ule unaouzwa dukani, mamlaka za afya za Uingereza zimetahadharisha juu yake kwa sababu umewahi kukutwa na risasi na aseniki. Tamaa hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini; mkunga akielezwa, atapima damu bila kumcheka mtu.

Mnavu na wanaofanana nao

Mnavu, ambao Wakenya wengi huuita managu, ni mboga ya heshima. Huota wenyewe Birmingham, kwenye matuta yaliyoachwa na kando ya njia, na si ajabu mtu aliyeukosa kwa miaka kuufurahia anapouona. Tatizo ni kwamba jamii yake ina ndugu wenye sumu wanaoota Uingereza, na mwisho wa majira ya joto ndipo wote huzaa matunda yanayowavutia watoto.

Ndugu wa hatari kuliko wote ni beladona, unaojulikana kisayansi kwa jina la Atropa belladonna. Si mwingi mjini, lakini upo nchini, na matunda machache yake yanatosha kumuua mtoto. Huwa kichaka kinachoweza kupita kimo cha kifua cha mtu mzima. Maua yake yana umbo la kengele, ya rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, na huning'inia moja moja. Tunda lake ni jeusi linalong'aa, kubwa kiasi cha cheri, nalo hukaa peke yake juu ya kikombe cha kijani chenye ncha tano kilichotanuka kama nyota. Mnavu ni mdogo zaidi. Maua yake ni meupe yenye kitovu cha manjano, na matunda yake ni madogo kama njegere, yakikaa kwa vishada. Tunda la beladona lina utamu kidogo, kwa hiyo mtoto halitemi.

Ndugu wa pili, Solanum dulcamara, anaonekana mara nyingi zaidi: kwenye uzio, kwenye vichochoro, kando ya mifereji ya zamani ya meli ambayo Birmingham inayo mingi. Hutambaa na kupanda juu ya mimea mingine. Maua yake ni ya zambarau yenye ncha ya manjano katikati, na matunda hugeuka kutoka kijani hadi manjano na kisha mekundu. Huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha.

Hata mnavu wenyewe una sumu katika matunda yake mabichi. Ushauri wa kiafya ni kutochuma mnavu uliojiotea njiani au bustanini, na kula ule tu uliopandwa kwa mbegu inayojulikana ilikotoka. Mwenye bustani inayochezewa na watoto afadhali ang'oe mimea yote ya aina hii inayojiotea, bila kuhukumu upi ni upi.

Mtoto akishukiwa kula matunda kama haya, mabaki yaondolewe kinywani na asilazimishwe kutapika. Tawi lenye majani na matunda lichukuliwe, au lipigwe picha kwa simu. Akiwa amelegea, anaweweseka, mboni za macho zimetanuka, ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, moyo unakwenda mbio au anapumua kwa shida, ipigwe 999 mara moja. Akiwa haonyeshi dalili, ipigwe 111, usiku au mchana. Asiyejua Kiingereza hutamka tu neno "Swahili" mwanzo wa mazungumzo, naye huunganishwa na mkalimani bila malipo.

Mbegu za kuweka na mbegu za kununua

Septemba ni mwezi wa kuweka mbegu, na mbegu za Birmingham husafiri sana: hutolewa baada ya sala ya Ijumaa, hutolewa baada ya ibada ya Jumapili, hufungwa katika kipande cha gazeti bila jina. Mbegu za mchicha, nyanya na maharage hazina neno. Za boga, mumunye na matango madogo ya kupika yanayoitwa kojeti zina neno kubwa.

Mimea hiyo huchavushwa na nyuki, na nyuki habagui. Jirani akiwa amepanda vibuyu vya mapambo, chavua yake huweza kuingia kwenye ua la boga la kuliwa. Tunda la mwaka huo litakuwa la kawaida. Ni mbegu zake, zikipandwa mwaka unaofuata, ndizo zinazoweza kuzaa matunda machungu yenye sumu inayoitwa kukabitasini. Agosti 2015, mzee mmoja wa miaka 79 wa Heidenheim, Ujerumani, alifariki baada ya kula mchuzi wa kojeti chungu kutoka bustanini kwa jirani. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kabla ya kupika, kipande kidogo kibichi kiguswe kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, kitemwe, na tunda zima litupwe hata kama ni kubwa na zuri. Karela haimo katika hesabu hii, kwani uchungu ndio asili yake. Kwa boga na mumunye ni salama zaidi kununua mbegu mpya kila mwaka. Mumunye, kama wasemavyo, huharibikia ukubwani, basi lichumwe likiwa changa.

Wanaorudi safarini wakumbuke pia kwamba sheria ya Uingereza hairuhusu msafiri kuingiza mbegu nyingi za kupanda bila cheti cha afya ya mimea. Pakiti iliyofichwa kwenye sanduku huweza kuleta ugonjwa wa mimea usiokuwako nchini.

Maharage na viazi

Maharage makavu, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa mchemko mkali. Nyumbani, sufuria ya maharage huchemka kwa saa nyingi juu ya kuni au mkaa, kwa hiyo watu wengi hawajapata kuisikia sumu hii. Birmingham umeme ni ghali, na familia nyingi zimenunua sufuria ya umeme inayopika polepole kutwa nzima. Sufuria hiyo haifikii mchemko wa kutosha, na joto hilo la wastani huweza kuizidisha sumu badala ya kuiondoa. Punje 4 au 5 tu ambazo hazikuiva sawasawa zinatosha kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache.

Utaratibu ulio salama ni huu: maharage yalowekwe kwa saa 12, maji hayo yamwagwe, yaoshwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika zisizopungua 10. Baada ya hapo ndipo yaweza kuendelea kuiva kwa moto mdogo, au kuhamishiwa kwenye ile sufuria ya umeme. Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa. Maharage ya bustanini yanayokusudiwa kukaushwa yasiachwe nje kusubiri jua la Septemba. Mashina yakatwe yangali na maganda, yaning'inizwe ndani ya nyumba mahali penye hewa.

Viazi na nyanya hushambuliwa mwezi wa Agosti na ukungu uleule ulioleta njaa ya Ireland kuanzia mwaka 1845. Majani yakionekana na mabaka ya kahawia, shina lote likatwe na kuondolewa, viazi viachwe ardhini wiki mbili, kisha vichimbwe siku kavu. Vihifadhiwe gizani, katika gunia au mfuko wa karatasi. Kiazi kilichogeuka kijani au kilichochipua sana kitupwe, maana sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa.

Kukausha, kugandisha, kutia mafuta

Kuanika juani ndiyo njia ambayo wengi waliizoea, nayo Birmingham haitegemeki. Hewa ina unyevu, na kinachochelewa kukauka huota ukungu. Nchini Kenya mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, hasa upande wa Makueni na Kitui, yaliua watu 125 kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi au mboga yoyote yenye ukungu isisagwe, isioshwe ili iliwe, wala isipewe kuku. Mwenye kutaka mboga kavu atumie oveni kwa moto mdogo sana huku mlango ukiwa wazi kidogo. Kuanika kilo nyingi sebuleni huongeza unyevu nyumbani, na unyevu huo huwaumiza wenye pumu.

Friza ni rafiki bora kuliko jua la hapa. Mchicha na sukuma wiki hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika 2, huzamishwa katika maji baridi, hukamuliwa na kugandishwa kwa mafungu ya mlo mmoja.

Pilipili na saumu mbichi zilizozamishwa katika mafuta zisiwekwe rafuni. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo kijidudu cha botulini hustawi bila kubadilisha harufu wala rangi ya chakula. Chupa ikae katika friji na kumalizwa ndani ya wiki moja. Achari ya siki ni jambo jingine, kwa kuwa ukali wa siki humzuia kijidudu huyo.

Kibanda cha vifaa na mwili wa mlimaji

Anayepokea nyumba au kishamba kutoka kwa mpangaji mwingine mara nyingi hurithi chupa na pakiti za dawa. Chembe za buluu za kuulia konokono zenye metaldehaidi zimepigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 2022, na chupa isiyo na lebo haipaswi kutumiwa kwa lolote. Vyote hivyo hupelekwa kwenye kituo cha Halmashauri cha kupokea taka. Havimwagwi kwenye mfereji wala havihamishiwi kwenye chupa ya soda.

Mfuko wa mboji ufunguliwe nje, mbali na uso, kwani vumbi lake huweza kubeba vijidudu vya homa ya mapafu. Wajawazito wavae glovu, kwa ajili ya kinyesi cha paka. Pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa usalama wa watoto, na maji yake yamwagwe kwenye udongo, si juu ya saladi.

Anayechomwa na uma wa kulimia au mwiba yumo katika hatari ya pepopunda. Chanjo kamili ni dozi 5. Mtu mzima asiye na kumbukumbu ya chanjo zake huhesabiwa kuwa hajachanjwa, na hupewa bila malipo katika zahanati ya daktari wa familia. Kujiandikisha kwa daktari huyo hakuhitaji hati ya ukaazi wala uthibitisho wa anwani, hata kama mpokezi wa mlangoni ameviomba.

Jua la Birmingham huweza kuutengenezea mwili vitamini D hadi mwisho wa Septemba tu. Kuanzia Oktoba hadi Machi halitoshi. Kila mtu hushauriwa kufikiria kutumia mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo. Wenye ngozi nyeusi, na wanawake na wanaume wanaovaa mavazi ya kusitiri sehemu kubwa ya mwili, hushauriwa mwaka mzima. Wanaochunga halali wasome lebo: vidonge vigumu mara nyingi havina jelatini, ilhali vile laini vya mafuta huwa nayo mara kwa mara, na mfamasia huweza kuonyesha tofauti.